Jina la Arnt Kwenye Kitasa

Ujumbe wa kwanza uliingia kwenye simu ya Solfrid siku ya Jumanne, mwezi wa kumi na moja, saa kumi kasoro dakika nane alasiri. Alikuwa kazini, duka la dawa mjini Lillehammer, anamwekea mzee mmoja vidonge vyake vya presha kwenye kiboksi cha wiki. Simu ikatetemeka mfukoni mwa koti jeupe. Akaichungulia harakaharaka, maana bosi wake hapendi simu mbele ya wateja, akasoma: Arnt amefungua mlango.

Arnt ni baba yake. Tulikuwa tumemzika mwezi wa tisa.

Akarudisha simu mfukoni, akaendelea na vidonge, akaweka vya Alhamisi kwenye Ijumaa. Mzee wa watu akamwambia, "Dada, unaniua." Wakacheka wote wawili.

Mimi nakaa bondeni, ng'ambo ya mlima, nyumba ya chini, mita mia tatu kutoka kwa wazazi wake, peke yangu na kondoo kumi na wawili. Sikuoa, na msiniulize kwa nini. Haya mengine Solfrid alinisimulia mwenyewe, na mengine niliyaona. Zamani ufunguo wa nyumba ile ulining'inia kwenye msumari ndani ya banda la kuni, na bonde zima tulijua. Unataka kuazima ngazi, unaingia, unachukua, unaacha dazeni ya mayai mezani. Kisha Arnt akapata kiharusi, na Ketil, kijana wao anayekaa Bergen na anayependa kila kitu chenye betri, akaja na kitasa cha namba. Akaung'oa ufunguo na historia yake. Ndani ya kitasa akaingiza majina matano: Gudveig, ndiye mama yao, Arnt, Solfrid, Ketil Simu ya Kazini, kwa sababu siku hiyo alikuwa anakijaribu kwa simu ya ofisi na hakurudi kurekebisha, na Muuguzi wa Pili, maana mara ya kwanza jina la muuguzi liligoma kuingia. Kila mmoja na namba yake ya siri. Mlango ukifunguliwa, wote wanapata ujumbe wa nani kaingia.

"Sasa mama hatakuwa peke yake hata siku moja," Ketil alisema, anajifuta vumbi la mbao magotini. Sisi majirani hatukupewa namba.

Baada ya mazishi Ketil aliandika kwenye kundi la familia: "Nani atamwondoa baba kwenye kitasa?" Solfrid akaweka alama ya moyo mwekundu. Basi. Siku mbili baadaye Ketil akaandika, "Tutaongea Krismasi," na Solfrid akaweka moyo mwingine. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Jambo likituuma tunalipangia kikao, na kikao tunakiogopa kuliko jambo lenyewe. Jina la Arnt likabaki pale, na namba yake, na ruhusa yake ya kuingia saa yoyote.

Jioni ile Solfrid akampigia mama yake.

"Mama, kuna mtu amekuja leo?"

"Hapana."

"Mlango haujafunguka?"

"Umefunguka. Ni mtangulizi wa baba yako tu."

Hapa lazima niseme kitu, maana mgeni akisikia atadhani Gudveig amerukwa na akili. Mabondeni kwetu kuna watu ambao ujio wao hufika kabla yao. Unasikia buti zikigongwa kwenye ngazi kung'uta theluji, unasikia kikohozi, mlango unalia, unatoka kuangalia, hakuna mtu. Unajua tu uweke birika jikoni, kwa sababu dakika kumi baadaye mwenyewe ataingia kweli, na atagonga buti vilevile. Tunamwita mtangulizi. Hatumwogopi. Bibi yangu alikuwa anabandika viazi akimsikia mtangulizi wa babu, na havikuwahi kuiva vibaya. Arnt alikuwa na mtangulizi mwenye makelele kuliko watu wote niliowajua.

"Lakini mama," Solfrid akasema taratibu, "mtangulizi humtangulia mtu. Baba amekufa."

"Miaka hamsini na mbili nimemzoea," mama akajibu. "Acha nimsikie kidogo. Anakudhuru nini?"

Solfrid akampigia mdogo wake. Ketil akasema ni baridi, betri zikipata baridi hupagawa. Akaahidi kuangalia, na baada ya saa moja akapiga mwenyewe, sauti imemshuka.

"Siyo betri. Kuna mtu amebonyeza namba za baba. Zote nne, kwa mpangilio, bila kukosea."

"Basi liondoe jina lake, Ketil."

"Liondoe wewe."

"Wewe ndiye uliyeliweka!"

"Na wewe ndiye mkubwa."

Hapana aliyetaka kuwa mtu aliyemfuta baba. Kwenye kundi wakamuuliza mama, naye akaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu hajui kuandika ndogo kwenye simu: MKIMFUTA YEYE MNIFUTE NA MIMI. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ikawa kila siku. Saa kumi kasoro dakika nane, Arnt amefungua mlango. Mwanzoni mlango ulifunguka na kujifunga. Wiki ya pili ukaongezeka ujumbe mwingine: mlango umefungwa kutoka ndani. Solfrid aliusoma huo akiwa kwenye foleni ya kulipia maziwa, akalipa, akaenda nyumbani, akajiambia Jumapili atapiga simu.

Aliyewahi kupiga ni Jorunn, muuguzi wa manispaa, yule Muuguzi wa Pili wa kitasani.

"Samahani kukusumbua," Jorunn akasema, na alikuwa ananong'ona kama vile yuko kanisani. "Mama yako amepungua kilo sita. Anapika kwa watu wawili. Anasubiri sahani ya pili ipoe, halafu anakula hiyo, ya kwake anamwaga."

"Kwa nini?"

"Anasema ndiyo adabu, mwenyeji kula kilichobakizwa na mgeni. Nilionja kile chakula, Solfrid. Kiazi, na siagi, na chumvi nimeiona kwa macho. Hakikuwa na ladha. Ni kama kutafuna karatasi iliyolowa. Halafu kuna harufu. Stoo ya viazi mwezi wa tano, unaijua ile, vinapoanza kuoza chini? Lakini inatoka sebuleni. Mimi nimeomba wanipangie wagonjwa wengine. Nisamehe."

Jumamosi Solfrid akaendesha gari kuvuka mlima, mwendo wa saa moja na dakika kumi, akamkuta mama yake amekonda hadi pete inacheza kidoleni. Kitandani, juu ya shuka, Gudveig alikuwa ametandaza vazi lake la sherehe, sufu nyeusi yenye nakshi, na vifungo vya fedha amevisugua vinang'aa.

"Unakwenda wapi na hilo, mama?"

"Mtangulizi hutangulia," mama akasema, anakwepa macho yake. "Halafu mwenyewe huja. Sitaki anikute na aproni."

Solfrid akaelewa. Kitu kilichokuwa kinaingia kwa namba ya baba kilikuwa kinamwandaa mama yake kuondoka, na mama alikuwa anakwenda kwa hiari, kilo moja baada ya nyingine. Baba alikuwa amekwenda. Hakuwa tayari kumtoa na huyu.

Saa tisa na nusu giza lilikuwa limeshashika, kama kawaida ya Desemba. Mama akaweka sahani mbili mezani, akamtazama Solfrid, akaongeza ya tatu bila furaha. Solfrid akasimama kwenye kijiukumbi cha viatu, taa imewashwa, simu mkononi, macho kwenye mlango.

Kwanza akasikia buti zikigongwa kwenye ngazi, mara mbili, kulia halafu kushoto. Ngazi zilikuwa zimefagiliwa, hakukuwa na theluji ya kung'uta. Kisha kikohozi. Kisha mlio mdogo wa kitufe, ti, na wa pili, na wa tatu, na kati ya wa tatu na wa nne pakapita muda mrefu, kana kwamba huko nje kuna mtu anayejua kwamba Solfrid yupo na anampa nafasi ya kubadili mawazo, halafu ti ya nne, na kitasa kikaguna na kujizungusha, na mlango ukafunguka taratibu hadi ukagusa ukuta, na hapo mlangoni hakukuwa na mtu, kulikuwa na giza la uwanjani na taa yangu mimi mbali kule chini, ila ile harufu ya viazi vilivyooza iliingia kwa kimo cha mtu mzima, ikampita Solfrid usoni, na alipogeuza kichwa kuifuata akaona mkeka wa sakafuni unabonyea, hatua moja, na nyingine, na nyingine, hadi jikoni, ambako kiti cha baba yake kikavutwa nyuma na mama yake akasema kwa sauti ya msichana, "Karibu."

Mlango ukajifunga nyuma yake. Kitasa kikajizungusha.

"Gudveig," sauti ikasema jikoni. "Kahawa."

Ilikuwa sauti ya baba yake, na mkwaruzo wake wa tumbaku. Machozi yakamtoka Solfrid kabla hajajua kama ni ya hofu au ya hamu. Angeweza kuingia pale akamkumbatia. Alishapiga hatua.

"Solfrid yupo," sauti ikaendelea. "Ketil Simu ya Kazini hajafika? Muuguzi wa Pili hajafika?"

Solfrid akaganda pale pale. Arnt hakuwahi hata siku moja kumwita mkewe Gudveig. Alimwita mama, kama wanaume wote wa bondeni. Na Solfrid mwenyewe, baba alimwita Kadogo tangu utotoni, hadi kwenye kitanda cha hospitali. Hiki kilichokaa jikoni hakikuwa kinamjua mtu yeyote kati yao. Kilikuwa kinajua majina matano yaliyoandikwa kwenye kitasa, jinsi yalivyoandikwa, basi. Kilikuta moja halina mwenyewe, kikalivaa.

Akafungua programu ya kitasa, vidole vinateleza kwa jasho. Unataka kumwondoa Arnt? Akabonyeza ndiyo. Una hakika? Akabonyeza ndiyo.

"Solfrid, usi—" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Arnt ameondolewa.

Kitasa kikaguna, kikajizungusha kulia, kikajizungusha kushoto, kikarudi kulia, kama mtu anayejaribu funguo asizozijua. Kisha kikatulia, na ile sauti ikaja karibu, sasa haikuwa ya baba yake sana, ilikuwa imelegea pembeni.

"Solfrid," ikamwambia. "Sasa nitatokea wapi?"

Usiku ule walikaa jikoni, mama na binti, taa zote zinawaka, wanasikia kitu kikitembea ghorofani kutoka chumba hadi chumba na kujaribu kila dirisha. Solfrid alimsihi mama waondoke. Mama akakataa, amejifunika blanketi mbili hadi kidevuni. "Siwezi kuacha nyumba ikiwa na mgeni," alisema. Hata kwa hofu, alikuwa mwenyeji.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Solfrid akamleta mchungaji Ingjerd. Huyu ni mama wa miaka sitini, mnene, mcheshi, hupanda mlima na buti za mpira na kola nyeupe. Kanisa letu halipigi kelele za kufukuza pepo, lakini mtu akiita kwa ajili ya nyumba isiyotulia, mchungaji huja, huwasha mshumaa, husoma, na watu hawaulizani sana baadaye. Ingjerd, aliyekwisha kusimuliwa njiani habari za jina kwenye kitasa, aliingia, akavuta pumzi mara moja, ucheshi ukamtoka.

"Ulimwondoa lini?"

"Jana."

"Akiwa wapi?"

"Ndani."

"Ee Solfrid." Ingjerd akakaa kwenye benchi la viatu. "Umemfungia mgeni ndani ya nyumba na umemnyang'anya njia ya kutokea."

"Ni baba?" Ilibidi aulize.

"Baba yako nilimzika mimi. Alikuwa mtu wa kuondoka kwa wakati, hata kwenye karamu." Akapunguza sauti. "Rudisha hilo jina. Mama yako ndiye aliyemkaribisha, na yeye ndiye atakayemtoa. Afungue mlango kwa mkono wake, amwambie wewe si mume wangu, toka. Mimi nitasoma. Wewe usiseme chochote. Umenisikia? Chochote."

Solfrid akaliandika tena jina la baba yake, herufi nne. Mshumaa ukawashwa. Gudveig akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, na buti zikasikika zikishuka ngazi za ghorofani, polepole, zikasimama katikati. Harufu ikajaa hadi moto wa mshumaa ukainama. Ingjerd akaanza kusoma zaburi, na Gudveig hakusema neno.

"Mama," Solfrid akanong'ona. "Siyo yeye."

"Najua siyo yeye!" Gudveig akageuka, na alikuwa na hasira, hasira safi ya mtu mwenye akili zake timamu. "Nilijua wiki ya kwanza. Mnaniona mjinga? Nimelala na Arnt miaka hamsini na mbili, nisijue miguu yake?"

"Sasa kwa nini, mama? Kwa nini?"

"Fungua hicho kisimu chako. Nisomee nani ameingia humu tangu mazishi."

"Mama, siyo wakati..."

"Nisomee."

Solfrid akafungua orodha. "Muuguzi wa Pili. Muuguzi wa Pili. Arnt. Arnt. Muuguzi wa Pili. Arnt. Arnt. Arnt. Arnt."

"Ketil je?"

"Hayupo."

"Na wewe?"

Akateremsha orodha, akateremsha tena. "Mara mbili, mama. Na hii ya jana."

"Mmeweka mashine ya kuwaambia nani anakuja kwa mama," Gudveig akasema, "mkaitazama ikiwaambia hakuna mtu. Yule alikuja kila siku. Alikaa. Nilikuwa naongea, anasikiliza. Nikajua ananila, lakini alikuwa anakuja."

Ingjerd aliendelea kusoma, sauti inapanda. Pale kwenye ngazi kitu kikashusha pumzi, na sauti ikatoka, haikuwa ya mtu yeyote sasa, ikauliza swali moja kwa upole kabisa.

"Nikitoka, nani atakuja?"

"Mimi!" Solfrid akalia. "Mimi nitakuja! Kila siku, saa ile ile, naapa! Toka!"

Ingjerd akafunga kitabu kwa kishindo, lakini alikuwa amechelewa. Gudveig akamtazama binti yake, uso ukamlegea, akavuta mlango ukafunguka wote. "Wewe si mume wangu," akasema, analia. "Haya. Nenda." Ubaridi ukapita katikati yao, mzito, ukashuka ngazi za nje, na juu ya theluji mpya ya uwanjani zikajichora nyayo za buti hadi barabarani. Solfrid akaondoa jina la baba yake kwa mara ya pili.

Wakati wa kuondoka, mchungaji alimshika mkono kwenye gari. "Ungemwahidi mama yako," akamwambia. "Umemwahidi yule mgeni. Sasa usikose. Sikutishi, lakini usikose hata siku moja."

Na hakukosa. Hilo lazima niliseme, maana watu bondeni wamemsema vibaya. Aliomba zamu ya asubuhi tu dukani, mshahara ukapungua, na kila siku niliona taa za gari lake zikipanda kabla ya saa kumi. Alikuja na mafua, alikuja mkesha wa Krismasi na keki mapajani. Gudveig akarudisha mwili, akaanza hata kunisalimia kwa kelele kutoka barazani, "Oddvar! Bado hujafa?" Nami namjibu, "Nakusubiri wewe kwanza!" Nilikuwa napanga kupanda siku moja nikanywe kahawa. Nilipanga Januari yote.

Februari, Alhamisi, upepo ukatoka kaskazini, na saa nane mchana wakafunga barabara ya mlimani. Solfrid alikuta kizuizi kimeshuka na mlinzi wa barabara ndani ya koti la manjano.

"Nipitishe. Mama yangu yuko peke yake."

"Kila mtu hapa ana mama, dada. Huko juu sioni mkono wangu. Nikikupitisha, nitakuja kukuchimba."

"Kaka, nakuomba."

"Kesho asubuhi, nyuma ya gari la kusukuma theluji. Samahani."

Akakaa ndani ya gari, vipangusio vya kioo vinalia, anatazama saa. Saa kumi kasoro dakika tisa. Saa kumi kasoro dakika nane. Simu ikatetemeka mapajani mwake.

Solfrid amefungua mlango.

Akampigia mama, naye akapokea mara moja.

"Mama! Ni mimi. Barabara imefungwa, nimekwama huku kizuizini. Mama, sikia, mimi sijafika hapo. Usimfungulie mtu. Mama?"

Nyuma ya simu alisikia maji yakichemka, na mkasi mdogo, kich, kich, na mtu anayeimba puani.

"Ananikata kucha," Gudveig akasema kwa sauti ya chini. "Za miguu. Mwenyewe sifiki tena. Nilitaka kukuomba, lakini siku zote una haraka."

"Mama, huyo siyo mimi."

Mkasi ukanyamaza. "Mama," sauti ya Solfrid ikasema kule jikoni, laini, haina haraka yoyote, "nani huyo?"

"Najua, mwanangu," Gudveig akamwambia yule wa kwenye simu. "Umejitahidi sana. Lakini nje ni kubaya, na kahawa nimeshamimina." Akakata.

Ndipo Solfrid akanipigia mimi. Sikumwelewa nusu ya maneno, alikuwa analia vile, nikavaa koti na kuchukua tochi. Mita mia tatu zilinichukua karibu saa nzima. Theluji ilikuwa inanifika mapajani na upepo unanilaza chini. Kwenye ngazi sikuona unyayo wowote. Nikampigia Solfrid, akanifungulia mlango kwa simu yake kutoka kule kizuizini, nikasikia kitasa kikijizungusha mbele ya pua yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ile tangu mazishi ya Arnt.

Gudveig alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa lile vazi la sufu nyeusi. Nywele zimesukwa vizuri, miguu mitupu, kucha kumi zimekatwa na kupanguswa. Hakuwa akipumua, lakini mwili ulikuwa bado wa moto. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona miaka mingi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Oddvar," Solfrid akasema kwenye simu. "Yuko peke yake?"

Nikatazama meza. Kulikuwa na kikombe cha Gudveig, kitupu. Kulikuwa na kingine mbele ya kiti kilichovutwa karibu na magoti yake. Na upande wa mlango, mbele ya kiti nilichokuwa nimeshika mgongo wake bila kujua, kulikuwa na cha tatu, kimejaa, kinafuka moshi, na pembeni yake vipande viwili vya sukari, kama ninavyokunywa mimi.

"Yuko peke yake," nikamwambia.

Akanishukuru. Akaniomba nisimwache hadi barabara ifunguliwe, nikakubali. Nje upepo ulikuwa unazidi, na baridi ilikuwa imeniingia hadi kwenye mifupa, na nilikuwa na muda mrefu sana sijaandaliwa kitu na mtu. Nikavuta kiti, nikakaa, nikainywa.